Kupe wa Nyuma ya Sikio

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitika kama watu waliokunywa uji usio na sukari. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Tuambie wewe!

Pakawa na shimo, na mdomo wa shimo, na mtu aliyeingia kwanza. Nani aliingia kwanza?

Tuambie wewe!

Haya. Endeleeni kupukuchua mahindi, mikono ifanye kazi, masikio nipeni mimi. Na msinikodolee macho sana, maana tukifika katikati mtadhani najisimulia mwenyewe. Hamtakuwa mmekosea sana.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wakati wanyama wote walikuwa wakisema na wachache tu wakisikiliza, palikuwa na bonde lililoitwa Bonde la Tope Jekundu. Katika bonde hilo aliishi Ngiri na mkewe na watoto wao wanne. Mtoto wa kwanza aliitwa Tope, kwa sababu siku aliyozaliwa hawakumwona mpaka alipopiga chafya. Basi majirani wakamwita Ngiri Baba Tope, na mkewe wakamwita Mama Tope.

Ngiri mnamjua. Kichwa kikubwa kuliko kazi yake. Usoni vinundu vinne, viwili huku, viwili huku. Meno yametoka nje, yamepinda kuelekea juu. Lakini yeye mwenyewe alijiona mzuri kupita wote. Alikuwa akijitazama kwenye dimbwi la tope kila asubuhi, na dimbwi la tope halikuwahi kumsema vibaya.

Sasa, wanyama wa bonde hilo walikuwa na desturi. Kila siku ya nne, jua likipanda, walikusanyika kwenye jabali pana, wakajipanga wawili wawili, wakatoana kupe. Maana mnyama hata awe na meno marefu namna gani, mgongo wake hawezi kuufikia. Na desturi hiyo ilikuwa na sheria moja tu. Anayetoa kupe, kwa kila kupe anayemng'oa, anasema neno moja la kweli juu ya mwenzake. Anayetolewa haruhusiwi kubisha, wala kununa, wala kulipiza. Anajibu tu, "Nimesikia, endelea."

Aliyekuwa akimtoa Ngiri kupe tangu utotoni ni sahibu yake Nguchiro. Nguchiro ni mnyama mdogo, mrefu wa mwili, mfupi wa miguu, mfupi zaidi wa subira. Meno yake membamba, na ulimi wake vilevile.

Siku moja ya nne, Ngiri akajilaza ubavu juu ya jabali, akafumba macho. Nguchiro akapanda mgongoni. Akang'oa kupe wa kwanza, akasema:

"Lile shimo unalojisifia, hukulichimba wewe. Alilichimba Muhanga, akahama, ukahamia."

"Nimesikia, endelea."

Akang'oa wa pili. "Kila kisa unachosimulia, shujaa ni wewe. Hata kisa cha kuzaliwa kwa Tope, eti ulichoka kuliko mama yake."

Ngiri akacheka mpaka vinundu vikatikisika. "Nimesikia, endelea."

Akang'oa wa tatu. "Unakula kwanza, halafu ndio unauliza kama wageni wamekula."

"Hilo kweli kabisa! Nimesikia, endelea."

Mnaona alivyocheka? Makosa madogo madogo ni matamu kuyakiri. Mimi mwenyewe huwaambia watu kuwa nina usahaulifu, na watu hunisifu kwa unyenyekevu wangu. Ila siwaambii kwamba ninachosahau ni vyombo vya jirani tu nilivyoazima. Vyangu nilivyoazimisha navikumbuka mpaka rangi ya mifuniko.

Nguchiro akang'oa kupe wa nne. Akamtupa chini ya jabali. Kisha akasema:

"Juzi Chui alipokuja, uliingia shimoni wa kwanza. Mkeo na watoto ukawaacha nje."

Ngiri hakusema nimesikia. Hakusema endelea.

Maana ilikuwa kweli. Chui alitoka kwenye nyasi, na Ngiri alikimbia mkia juu kama bendera, akaingia shimoni kichwa kwanza, akaenda mpaka mwisho kabisa, akabanana na ukuta. Mama Tope ndiye aliyewasukuma watoto ndani mmoja mmoja. Wa nne alipoingia, Chui alifika, akamtia Mama Tope kucha kwenye paja la kulia. Ngiri alisikia kila kitu kule gizani. Alimsikia mkewe akilia, na hakugeuka. Chui alipoondoka, Ngiri akatoka amejaa vumbi, akauliza, "Mlichelewa wapi?"

Tangu siku hiyo Mama Tope alikuwa na alama tatu pajani na anachechemea. Na tangu siku hiyo Ngiri akawa anaketi upande wa kushoto wa mkewe. Upande wa kulia haukumpendeza tena.

Basi Ngiri akasimama juu ya jabali, Nguchiro akaanguka chini puu!

"Wivu tu huo!" Ngiri akafoka. "Unaniona nilivyo, unaona ulivyo, roho inakuuma!"

"Bado kupe kumi na mmoja," Nguchiro akasema, akijikung'uta.

"Nitabaki nao!"

"Baki nao. Lakini Chui ametia kucha tu, hajatia meno. Nyasi zikikauka atarudi, Baba Tope. Utaingia wa ngapi?"

Ngiri akashuka jabalini akiwa amesimamisha mkia. Wanyama wote wakamtazama, naye akadhani wanautazama mkia.

Akajisemea njiani, "Mimi sina raha kwa sababu nimezungukwa na watu wasionijua. Nitatafuta mtoa kupe anayenijua vizuri, atakayesema mazuri yangu. Nikimpata huyo, nitakuwa na raha."

Akaenda, akaenda, akamkuta Kasuku kwenye tawi.

"Kasuku, njoo unitoe kupe. Ila mimi nataka maneno mazuri tu."

"Maneno mazuri nitayatoa wapi?" Kasuku akauliza.

"Nitakupa mimi. Sema: Ngiri ni mzuri, Ngiri ni shujaa, Ngiri hana mfano wake."

Kasuku akatua mgongoni, akaanza. "Ngiri ni mzuri! Ngiri ni shujaa! Ngiri hana mfano wake!" Asubuhi yote, adhuhuri yote, alasiri yote. Ngiri akasikia utamu mpaka kwenye kwato. Kupe hata mmoja hakutoka, kwa kuwa mdomo unaosema haung'oi. Ngiri wala hakugundua.

Siku ya pili, jua lilipokuwa kali, Ngiri akasinzia. Akaota. Na ndotoni akasema maneno yake mwenyewe, kwa sauti ndogo. Kasuku akayasikia. Kasuku hachagui maneno. Akaruka, akatua juu ya mti mrefu kuliko yote, akapiga kelele:

"Niliingia wa kwanza! Nikamsikia analia! Sikugeuka! Niliingia wa kwanza! Nikamsikia analia! Sikugeuka!"

Punda milia waliokuwa wakinywa maji wakainua vichwa. Twiga akainamisha chake ili asikie vizuri. Ngiri akaamka, akaukimbilia mti, akaupiga kichwa, ukamrudishia.

"Nani amekufundisha huo uongo?"

"Wewe," Kasuku akasema, na kwa mara ya kwanza maishani akawa amesema neno lake mwenyewe.

Ngiri akamfukuza. Akaenda, akaenda, akamkuta Kinyonga kwenye kijiti.

"Kinyonga, njoo unitoe kupe. Ila mimi nataka mtu anayekubaliana nami."

"Kweli kabisa," Kinyonga akasema.

Alianza kupanda mguuni asubuhi, adhuhuri akafika begani. Akageuka rangi ya tope, kama Ngiri mwenyewe.

"Mimi ni mzuri," Ngiri akasema.

"Kweli kabisa."

"Siku ile ya Chui, hakuna ambaye angefanya zaidi ya nilivyofanya."

"Kweli kabisa."

Ngiri akaona huyu ni mtu wa maana. Lakini alasiri akapita Nyani, ametafuna tunda, akatema kokwa, akasema, "Huyu siye yule mwoga aliyemwacha mkewe nje?"

"Kweli kabisa," Kinyonga akasema.

Ngiri akashtuka. "Umesema nini?"

"Nimesema wewe ni shujaa."

"Umemkubalia Nyani kwamba mimi mwoga!"

"Kweli kabisa."

"Sasa mimi ni shujaa au mwoga?"

"Kweli kabisa," Kinyonga akasema, jicho moja likimtazama Ngiri na jicho moja likimtazama Nyani.

Ngiri akajitikisa, Kinyonga akadondoka majanini, akawa kijani. Ngiri akarudi nyumbani amechoka, na kupe wake wote mgongoni.

Alipokaribia shimo akawakuta watoto wanacheza. Mmoja amejifanya Chui, ananguruma. Mmoja amejifanya mama. Na Tope, mtoto wake wa kwanza, kipenzi chake, akasimamisha mkia, akapaaza sauti:

"Mimi ni baba! Mimi ni baba!"

Kisha akawakimbia wenzake wote, akazama shimoni kichwa kwanza. Wenzake wakacheka mpaka wakagaagaa.

Ngiri akasimama pale. Akatamani kucheka nao, kicheko kikakataa. Akaenda nyuma ya kichuguu, akajilaza, akalia. Alilia kwa uchungu wa kweli. Msimcheke sana hapo.

Ndipo akasikia sauti nyembamba, tamu, karibu kabisa na tundu la sikio lake.

"Ngiri, Ngiri, nani kama wewe?"

Ngiri akainua kichwa. Hakuona mtu. "Nani wewe?"

"Ni mimi, Kupe. Nipo hapa nyuma ya sikio lako. Nguchiro amekuacha, Kasuku amekutangaza, Kinyonga amekugeuka. Mimi nimekuacha hata siku moja?"

Ngiri akafikiri. "Hujaniacha."

"Nani anakupenda kuliko mimi? Mimi siwezi kuishi bila wewe."

Na hilo, wenzangu, kupe hakudanganya.

"Lakini ile siku ya Chui..." Ngiri akasema polepole.

"Hukukimbia," Kupe akasema. "Ulitangulia kuwatayarishia wenzako nafasi. Baba mwema hutangulia kufungua nyumba."

"Na mke wangu alilia."

"Alilia kwa furaha, alipoona wewe umepona."

"Na watoto wananiigiza."

"Wanakuigiza kwa kuwa wanakupenda. Wewe ulishaona nani anamwigiza mtu asiyempenda?"

Ngiri akashusha pumzi. Akasikia mwili mzima umelegea. Hicho ndicho alichokuwa akikitafuta tangu jabalini. Akasema, "Hii ndiyo raha."

Ikawa kila siku Kupe anasema, Ngiri anasikiliza. Ngiri, Ngiri, nani kama wewe? Akiamka, nani kama wewe? Akila, nani kama wewe? Kupe alikuwa kama punje ya ufuta, akawa kama kunde, akawa kama karanga. Akaita na ndugu zake wa mgongoni, wakaita na shemeji zao. Ngiri mbavu zikaanza kuonekana, manyoya ya shingoni yakadondoka, akitembea anapepesuka. Lakini ukimwuliza hali, anakwambia hajawahi kuwa mzima kama sasa.

"Umekonda, Baba Tope," mkewe akamwambia.

"Si kukonda. Nawaza mambo makubwa."

"Nyuma ya sikio lako pana kupe mkubwa. Inama nikutoe."

"Usimguse!" Ngiri akaruka. "Huyo ni rafiki yangu. Huyo peke yake ndiye anayenijua."

Mama Tope hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Akasema tu:

"Baba Tope, nyasi zimekauka. Nimewafundisha watoto kuingia wenyewe, mmoja nyuma ya mwenzake. Mimi nitakuwa wa mwisho. Wewe siku hiyo ingia tu kama kawaida yako, ila nenda mpaka ndani kabisa, usitubanie mlango."

Akachechemea zake kuwaita watoto. Kupe akamwambia Ngiri, "Unaona anavyokujali? Anataka uwe mahali pazuri."

Na kwa mara ya kwanza, maneno ya Kupe hayakushuka vizuri.

Siku ikafika. Jua lilikuwa utosini. Ngiri na wenzake walikuwa wamepiga magoti wakila mizizi, hatua kama mia kutoka shimoni. Nyasi kavu zikalia, chakacha! Chui akatoka.

"Kimbieni!" Mama Tope akapiga kelele.

Wakakimbia, mikia juu, sita kwa mpigo. Ngiri alikuwa dhaifu, nguvu zake zote zilikuwa tumboni mwa kupe. Lakini woga ulimpa miguu ya kuazima. Akampita mkewe. Akawapita watoto. Akafika shimoni wa kwanza. Akatia kichwa ndani.

"Ingia!" Kupe akasema. "Ukifa wewe, nani atakuwa kama wewe? Ingia upesi!"

Ngiri akasikia nyuma yake sauti ya Tope, "Baba, tupishe! Baba, tupishe!" Na nyuma ya Tope akasikia miguu ya mkewe ikija. Ta, ta, ta, halafu kimya. Ta, ta, ta, halafu kimya. Ule mguu wa kulia haukuwa ukigusa chini sawasawa. Miezi yote hiyo alikuwa akiishi na mlio huo, na hakuwahi kuusikiliza.

Kichwa chake kikiwa gizani, Ngiri akasema, "Nimesikia."

"Umesikia nini?" Kupe akauliza. "Mimi sijasema kitu."

"Endelea," Ngiri akajiambia.

Akachomoa kichwa.

Miguu ilimtetemeka. Meno yaligongana. Tena alijikojolea kidogo. Wasimulizi wengine wangelificha hilo, mimi nawaambia. Akakaa kando ya mlango, akamsukuma Tope ndani kwa pua. Akamsukuma wa pili. Wa tatu. Wa nne. Mama Tope akafika, akasimama ghafla, akamtazama mumewe aliyeko nje kama mtu aliyeona jua linachomoza alasiri.

"Tangulia, Mama Tope."

"Wewe je?"

"Tangulia, mke wangu, tutashangaana baadaye!"

Mama Tope akaingia. Ngiri naye akataka kuingia, lakini Chui alikuwa ameshafika mahali pa kuruka. Angegeuka atie kichwa ndani, makalio yangebaki mikononi mwa Chui. Hakuwa na nafasi ya kugeuka. Basi akaingia kinyumenyume. Mkia kwanza, miguu ya nyuma, tumbo, mpaka kikabaki kichwa peke yake mlangoni. Na kile kichwa kikubwa kuliko kazi yake, siku hiyo kikapata kazi. Uso wenye vinundu vinne, ambao hakuna aliyewahi kuusifu kwa ukweli, ukaziba mlango wote.

Chui akajaribu mara ya kwanza. Akatia mkono. Ngiri akainua jino, mkono ukachanika. Chui akaurudisha haraka.

Chui akajaribu mara ya pili. Akakaa chini akangoja, jua likasogea. "Baba Tope," akasema, "mbona leo uko mlangoni? Wewe si huwa uko kule mwisho kabisa?"

"Nimehama," Ngiri akasema.

Chui akajaribu mara ya tatu. Akalainisha sauti. "Kweli nimekusikia unavyosifiwa. Mnyama mzuri kama wewe, shujaa kama wewe, unajibana shimoni kwa nini? Toka nje dunia ikuone. Ngiri, Ngiri, nani kama wewe?"

"Anasema kweli!" Kupe akadakia nyuma ya sikio. "Toka wakuone! Ngiri, Ngiri, nani kama wewe?"

Ngiri akasikiliza sikio hili, akasikiliza sikio hili. Maneno yalikuwa yale yale. Mmoja alikuwa akiitaka damu yake yote kwa siku moja, na mwingine alikuwa akiichukua kidogo kidogo.

"Walio kama mimi wapo wengi," Ngiri akasema. "Hapa nyuma yangu tu wapo wanne, na mama yao."

Akateremsha kichwa, akaelekeza meno nje. Chui akalamba mkono wake, akalamba tena, akaondoka anachechemea.

Siku ya nne ikafika, Ngiri akaenda jabalini. Wanyama wakampisha njia walipomwona. Nguchiro alikuwa ameketi peke yake, na pembeni yake pana nafasi ya mnyama mkubwa aliyelala ubavu. Hakuwa amempa mtu mwingine.

"Nilibakiza kumi na mmoja," Nguchiro akasema. "Sasa naona umefuga."

"Sema upesi, sahibu yangu, nisije nikakimbia tena."

Akajilaza. Kupe wa nyuma ya sikio akaanza kulia, "Usimruhusu! Nani atakupenda mimi nikiondoka?" Nguchiro akamng'oa. Akamtupa juani, Kupe akabakia pale amefura, hana mtu wa kumsifu.

"Chui alipokuja," Nguchiro akasema, "ulitetemeka mpaka watoto wakadhani shimo linaporomoka."

"Nimesikia, endelea."

Nguchiro akang'oa wa pili. "Na ulikuwa wa mwisho kuingia."

Ngiri akaficha uso kwenye kwato zake. Wanyama wakangoja.

"Jibu," Nguchiro akasema. "Ndiyo sheria."

"Nimesikia," akasema. Lile neno la pili halikutoka.

Hapo Mama Tope akapanda jabalini. Ta, ta, ta, kimya. Akasema, "Nguchiro, nipishe kidogo. Nami nina wangu mmoja."

Akainama, akang'oa kupe mmoja shingoni kwa mumewe. "Siku ile ya kwanza nilikuchukia," akasema. "Na nilikuchukia siku nyingi baada ya hapo."

"Nimesikia," Ngiri akasema. "Endelea."

"Nimemaliza. Kupe ni mmoja."

Akageuka, akaenda kuketi kwenye kivuli na watoto. Ngiri alipokwisha kutolewa kupe akaenda kuketi naye. Hakuketi kushoto. Akazunguka, akaketi upande wa kulia, penye zile alama tatu, akazitazama. Kisha akaanza kufukuza nzi waliokuwa wakitua hapo. Alikuwa amekonda, mgongo unamuuma, ametajwa aibu zake zote mbele ya bonde zima. Akajiuliza mbona amepata usingizi. Akalala, akakoroma mchana.

Msidhani alibadilika kabisa. Mwezi haukuisha, akawa anasimulia kwamba Chui walikuwa wawili. Mwezi uliofuata wakawa watatu, na mmoja ana mbawa. Siku ya nne ikifika, Nguchiro anang'oa kupe, anasema, "Chui alikuwa mmoja." Naye anacheka, anasema, "Nimesikia, endelea."

Ila tangu siku ile mpaka leo, mkimkuta Ngiri anakimbia na watoto wake, tazameni vizuri. Watoto wataingia kwanza. Yeye ataingia mwisho, kinyumenyume, uso nje.

Hadithi hii inatufunza nini? Inatufunza kwamba anayekupenda anaweza kukuuma kwa kitambo kidogo ili akutoe kitu, na anayekula kwako hatakuuma ukasikia. Ukimfukuza wa kwanza ukabaki na wa pili, utajiona una raha huku unakauka. Ukiambiwa kweli, nuna kama huna budi. Lakini usishuke jabalini.

Hadithi yangu imeingia shimoni mkia kwanza, kilichobaki nje ni meno tu. Anayeitaka na aje aivute.

Haya, mahindi yameisha? Nani kati yenu ana vidole vyepesi? Kuna kitu kinaniwasha hapa nyuma ya sikio. Tangu nianze kusimulia kinaniambia kwamba hakuna anayesimulia kama mimi.